Mlango Nilioufunga Saa Kumi

Dairekta alizikwa nyuma ya nyumba yake, Mbale, chini ya mlima Wanale, siku ya Alhamisi, mvua ikiwa imejaa kwenye miamba juu yetu bila kushuka. Nilifika kutoka Jinja asubuhi, nikapewa kisu na kuketi na wanawake waliokuwa wakimenya matoke. Nilikuwa katikati ya rundo nilipomwona mdogo wangu Shafiki akiingia uani na mkoba begani, nywele zimeanza mvi pembeni. Tulikuwa hatujakaa chini ya paa moja kwa miaka kumi na minane. Alinisalimu, "Shikamoo dada," nami nikaitikia, akaenda kukaa na wanaume. Baada ya maziko, Mama Nandudu, mjane wa Dairekta, alisimama kwenye baraza na kusema hakuna atakayesoma hotuba. Marehemu alikuwa ameagiza jambo moja tu: watu waingie sebuleni kwa zamu, mapazia yafungwe, waonyeshwe ile filamu ya Jinja. Nikaona Shafiki ananitazama kupitia vichwa vya watu. Alikuwa hajawahi kuiona ile filamu. Mimi nilikuwa nimeiona mara moja, nikatoka kabla ya katikati.

Mwaka wa ile filamu nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Shule nilikuwa nimeiacha kitambo, kidato cha pili, na sina haja ya kueleza sababu; mtu aliyewahi kubaki na wadogo wawili na nyumba ya vyumba vitatu anaijua. Tulikaa Jinja, mtaa wa Nalufenya, mimi, Shafiki wa miaka kumi na tisa na Hadija wa kumi na tatu. Nilipika chapati na maharage kwa watu wa karakana. Dairekta alikuja kula siku ya kwanza, akamaliza sahani, akazunguka kutazama mlango wetu wa mbele. Ulikuwa mlango wa chuma uliopakwa rangi ya samawati, na komeo refu lililolia kama mbwa aliyekanyagwa. Alilivuta, akalisukuma, akalivuta tena.

"Dada, hiki chumba cha mbele unakitumia?"

"Nakitumia. Napikia hapo mvua ikinyesha."

"Nikikikodi mwaka mzima?"

"Utaweka nini humo?"

"Woga," alisema. Kisha akacheka kwa kuona uso wangu. "Na masanduku mawili, na godoro."

Jina lake Wamono, lakini mtaa mzima ulimwita Dairekta, wengine kwa heshima, wengine kwa dhihaka. Filamu yake ya kwanza, ya muuaji anayetumia njia ya reli, ilikuwa imejaza vibanda vya video kutoka Mbale mpaka Busia. Watu walisimama nje wakisikiliza tu msimulizi akiitafsiri kwa kipaza sauti. Filamu ya pili haikufika mwisho kwa sababu mpiga picha alitoroka na kanda zote. Ya tatu ilifika mwisho, na watu walicheka. Alinieleza mwenyewe, akikwangua chungu: alikuwa ameketi nyuma kwenye kibanda, mtu anachinjwa kwenye skrini, na ukumbi mzima unacheka mpaka wanashikana mabega. Baada ya hapo alipiga picha za harusi na, mwaka wa tohara ukifika, za vijana wa Kigisu wakicheza barabarani wamepakwa unga. Miaka kumi na moja aliishi hivyo. Kisha akauza kamera za harusi, akauza gari, akauza ng'ombe wa mkewe kwa idhini ambayo sina uhakika kama ilikuwa idhini, akaja Jinja. "Safari hii hela yangu," alisema, "na kosa likitokea ni langu." Nimeyafikiria sana maneno hayo. Kosa la mtu mwenye hela yake haliishii kwake.

Kile chumba kilibadilika haraka. Alifunika dirisha kwa blanketi la kijivu, akabandika ukutani karatasi zenye michoro ya mtaa wetu: duka la Mama Janati ng'ambo ya barabara, kinyozi, fundi cherehani, benchi langu la nje. Nyumba yetu ilikuwa kila mahali kwenye ile michoro, na kwenye kila mchoro mlango ulikuwa umefungwa. Hadija alikataa kuingia humo hata kufagia. Usiku haukuwa na shida. Mchana ndio ulitisha, jua kali nje na mle ndani mtu mmoja ananong'ona peke yake, anasema maneno ya watu wanne. Jioni walikuja waigizaji, wakala, wakakariri. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kijana anayechukuliwa mbele ya nyumba yao na watu wasiojulikana, na dada yake anayemtafuta. Dairekta alitaka wale wachukuaji waseme Kiswahili. Alisema, "Mtu wa hapa ukimwambia njoo kwa Kisoga, anakuja. Ukimwambia kwa Kiswahili, kwanza anaangalia mlango uko wapi."

Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, ya mezani, kwa hiyo nikafanywa mwalimu. Mwanafunzi wangu mkubwa alikuwa Sajenti Opio, mstaafu kutoka kaskazini aliyekaa mtaa wa Kimaka, mtu mrefu mwenye sauti ya pipa, ambaye ndiye angeongoza wachukuaji.

"Huyu madam ananifundisha Kiswahili! Mimi nimekula hiyo Kiswahili miaka ishirini kwa jeshi."

"Hiyo yako ni ya kuamrisha, afande."

"Sasa hapa mi nafanya nini? Nabembeleza?"

"Ndiyo," nikasema. "Bembeleza. Sema: samahani kijana, tunakuomba dakika moja tu, tafadhali."

Wote walicheka, isipokuwa Dairekta. Alimwambia Opio arudie. Opio akarudia kwa sauti ya chini, akiniangalia mimi, na Hadija aliyekuwa anaosha vikombe akasimama na kikombe mkononi. Dairekta akaandika maneno yale kwenye karatasi, akaniambia kwamba mimi ni mtu hatari. Nilijisikia vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: hakuna mtu aliyekuwa ameniambia tangu niache shule kwamba nimejua kitu.

Mwigizaji wa Kampala aliyepaswa kuwa yule kijana hakutokea. Dairekta alikaa siku mbili akimtazama Shafiki akibeba maji, akichomelea dirisha la jirani, akitembea. Kisha akaniomba mimi, si yeye. Nikakubali. Shafiki alifurahi mpaka akanyoa.

Siku za mwisho za mwezi ule Dairekta alikuwa hali chakula. Alipanga kupiga picha za kuchukuliwa saa kumi alasiri, barabarani, mchana kweupe, bila mtu yeyote wa mtaa kuambiwa. Kamera ingefichwa kwenye ghorofa isiyomalizika ng'ambo. Kinasa sauti kidogo alikifunga kwa mkanda chini ya benchi langu. Sajenti Opio alimuuliza juu ya mavazi, akamwonya kwamba raia akikamatwa na sare ya jeshi, hata ya kuigizia, ni kesi.

"Hakuna sare," Dairekta akajibu. "Mashati ya kawaida, viatu vya mvua, gari jeupe halina namba. Hatuvunji chochote."

Opio alitafuna, akameza. "Dairekta, lakini hao wa kweli wenyewe wanakuja hivyo."

"Ndiyo maana."

 Nilikuwa nagawa ugali. Nakumbuka nilimwongezea Opio kipande kingine, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Nisimame mlangoni kama siku zote. Gari likisimama na Shafiki akishikwa, nihesabu mpaka tatu, niingie, nifunge, nisukume komeo. "Hata akiita nini, usifungue," Dairekta aliniambia, ameshika mabega yangu mawili. "Kwenye karatasi ataita mama. Atalia, atapiga kelele. Wewe funga. Uso wako usionyeshe kitu." Tulifanya majaribio ndani ya chumba mara nyingi, Shafiki akilia "Mama! Mama!" huku anacheka, nami nikifunga mlango wa kabati.

Saa kumi ilifika. Shafiki alitoka dukani kwa Mama Janati na mkate mkononi. Gari jeupe likaja taratibu, likasimama, mlango wake wa pembeni ukafunguka, na Sajenti Opio akashuka na kusema yale maneno yangu, vizuri, kama mtu anayeomba radhi msikitini. Nikafunga mlango. Nilipoegemeza mgongo kwenye chuma nilisikia mtaa ukifunga: duka la Mama Janati, kinyozi, fundi cherehani, mbao na mabati, mmoja baada ya mwingine, mpaka chini kabisa kwa muuza mkaa. Hakuna aliyepiga yowe. Kisha gari likaondoka.

Dairekta aliingia kwa mlango wa nyuma akikimbia, jasho linamtiririka, na kadi ya kamera kwenye kiganja. Tangu yale ya mpiga picha wake hakumwamini mtu. Kadi zote nilizitunza mimi, ndani ya kopo la chumvi. "Umeona?" alisema. "Hakuna aliyesogea. Hakuna hata mmoja! Rehema, hii ndiyo filamu. Nimeisubiri miaka yote hii." Alikuwa analia.

Gari lilipaswa kuzunguka na kurudi baada ya dakika kumi. Maharage yalikuwa tayari. Yalipoa, nikayapasha, yakapoa. Karibu na magharibi alikuja kijana wa bodaboda, hakushuka kwenye pikipiki. "Ile gari yenu nyeupe imesimamishwa pale mbele ya reli. Watu wamewaingiza kwa pikapu ya kijani." Akawasha, akaenda.

Asubuhi Dairekta alivaa suti, tukaenda kwenye geti tuliloelekezwa. Sitasema lilikuwa wapi. Tulikaa kwenye benchi mpaka jua likawa kali, kisha tukaingizwa kwa ofisa mmoja mwenye mikono safi, kucha zimekatwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Yeye alisimama, akanivutia kiti.

"Karibu dada. Samahani kwa kuwaweka. Mmekunywa chai?"

 Kilikuwa Kiswahili changu. Kilikuwa kile nilichomfundisha Opio.

Dairekta alieleza: sisi ni wasanii, ni filamu, wale ni waigizaji. Ofisa akasikiliza mpaka mwisho. "Vizuri sana. Mimi napenda filamu. Basi tuleteeni hiyo picha mliyopiga jana, tuone, tuwape watu wenu."

Dairekta alifunga kifungo cha koti lake. Kisha akasema, "Afande, jana yalikuwa mazoezi. Kamera haikuwa inafanya kazi."

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Nilitazama kucha za ofisa. Ofisa alitabasamu kwa huruma. "Kwa hiyo hakuna filamu. Sasa kama hakuna filamu, bwana, wale ni watu gani?"

Njiani kurudi alinibembeleza. Wakiichukua ile kadi hawatairudisha, alisema, na hana ng'ombe mwingine wa kuuza. Shafiki hana kosa, watamwachia wenyewe. Mbale alikuwa na ndugu wa mkewe, mtu mkubwa, angempigia simu mkubwa mwenzake. "Siku mbili, Rehema. Nipe siku mbili." Nikampa. Alipanda gari mchana ule ule, nami nikabaki na kopo la chumvi kwenye rafu. Kila mlo Hadija aliuliza, "Nimwekee Shafiki sahani?" na kila mara nilisema mwekee. Niliendelea kupika chapati. Watu wa karakana hawakuja. Mama Janati, aliyenipa sukari siku ya msiba wetu na kukaa nami wiki nzima, alinipita kisimani akiangalia ndoo yake. Nilimkamata mkono.

"Mama Janati, kwani mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Sisi tulikuona unafunga. Tukasema, dada mtu amefunga, basi anajua kitu. Tukafunga." Akautoa mkono wake polepole.

Siku ya tatu Dairekta hakuwa amerudi wala kupiga simu. Nilimwaga chumvi kwenye sinia, nikaipangusa kadi kwa ncha ya kanga, nikaenda. Ofisa aliitazama kwenye kompyuta yake akiwa amegeuza skrini ili nami nione. Picha ilikuwa nzuri. Sijui kama nina haki ya kusema hivyo, lakini ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote alichopiga kabla au baada. Sauti haikuwapo, midomo ilikuwa inatikisika tu. Ofisa aliitazama mara mbili.

"Huyu anayefunga mlango ni wewe?"

"Ndiyo, afande."

"Umefunga vizuri. Hukutetemeka hata kidogo."

Kadi iliingia kwenye droo. Alasiri ile Shafiki alitoka getini, viatu havina kamba, ameshika suruali kiunoni. Sajenti na wenzake walitoka kesho yake. Nilimpikia Shafiki pilau, akala wali, akaacha nyama. Hakuwa na jeraha la kuonekana. Nilimuuliza kilichotokea, akasema, "Tuliulizwa maswali." Tangu siku hiyo alilala chumba cha nyuma, na baada ya miezi akaenda Tororo, kisha mbali zaidi, kuchomelea magari.

Dairekta alirudi siku ya tano, amebeba malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa na mkewe kwa karanga, bado yana uvuguvugu ndani ya jani. Aliona viatu vya Shafiki mlangoni, akaona rafu haina kopo la chumvi. Aliketi. Niliweka malewa kwenye sahani, tukala wawili. Nilikuwa tayari kwa matusi yake. Nilikuwa nimeyaandalia majibu.

"Hawakuirudisha kadi, hata ikiwa tupu?"

"Hapana."

"Ungeipeleka siku ya kwanza," alisema akitazama sahani. "Na mimi pia." Kisha mkono wake ukasimama hewani na tonge. Aliinuka, akatoka nje, akapiga magoti mbele ya benchi langu kama anayesali. Kinasa sauti kilikuwa bado pale, kwenye mkanda wake. Hakuna aliyekuwa amekikumbuka.

Hivyo ndivyo filamu yake ilivyokuja kuwa na ile sehemu ambayo watu waliisimulia mpaka Kisumu. Skrini inakuwa nyeusi karibu dakika mbili nzima, na unasikia tu. Kwenye vibanda, walisema, hata msimulizi aliweka chini kipaza sauti. Hakuna aliyecheka. Dairekta aliitwa kwenye meza za watu wakubwa, akapewa kilemba cha heshima Mbale, akapata pesa za filamu nyingine mbili, moja ya wastani na moja mbaya kabisa, akarudi kwenye harusi. Lakini ile moja ilikuwa yake, na alikufa nayo. Kila Idi alinitumia mchele. Kuhusu Shafiki hakuniuliza kamwe.

Zamu yetu ilifika, tukaingia sebuleni kwake, watu kama ishirini, mimi kwenye mkeka, Shafiki amesimama ukutani. Safari hii sikutoka. Skrini ikawa nyeusi. Nilisikia benchi langu likilia, kuku, gari jeupe, mlango wa pembeni, Opio na tafadhali yake. Miaka yote nimejieleza kwamba nilihesabu mpaka tatu, nikafunga, na mengine yakatokea nikiwa ndani. Sauti haikusema hivyo. Sauti ilisema mlango wa gari, kisha kijana anaita, si mama kama kwenye karatasi, anaita, "Dada! Dada Rehema! Nyuma!" Kisha kimya. Kimya kirefu cha kutosha mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Halafu komeo langu.

Nilipogeuka, Shafiki hakuwapo ukutani. Nilimkuta nyuma ya jiko la uani, amepewa sahani ya malewa, hajaigusa. Wanale ilikuwa imeingia mawinguni mpaka nusu.

"Pikapu ilikuwa kwenye kona," alisema kabla sijafika. "Ya kijani. Niliiona inawasha, na watu wake hawakuwa wetu."

"Nilidhani umesahau maneno yako."

Aliniangalia. Sasa ni mtu mzima, ana watoto, lakini alinitazama kama Hadija alipouliza habari ya zile sahani.

"Kwa hiyo ulinisikia."

Ningeweza kusema hapana. Alikuwa amekwisha kuniwekea nafasi ya kusema hapana. Niliiona usoni mwake, ameiweka miaka yote hii, amekaa mbali na nyumba ili asilazimike kuiondoa.

"Nilisikia jina langu," nikasema. "Nikafunga."

Aliinamisha kichwa, taratibu, mara kadhaa. "Mimi nilikuwa nawaambia watoto kwamba hukusikia. Kwamba lile komeo lina kelele."

Sebuleni zamu nyingine ya waombolezaji ilikuwa imeshaingia, na Mama Nandudu alikuwa ameongeza sauti kwa ajili ya wazee wa nyuma. Ilitufikia wazi kupitia ukuta: gari, mlango wa pembeni, sauti yake ya miaka kumi na tisa. Hakuna kati yetu aliyesogea. Baada ya komeo langu ulikuja mlango wa Mama Janati, kisha wa kinyozi, kisha wa fundi cherehani, na mingine huko chini, mpaka ukabaki mlango mmoja wa mabati, mbali, wa mtu aliyechelewa, ambaye alisita kidogo, halafu naye akafunga.